Nyumba Moja Ichukue Wageni Wangapi? Somo kwa Wenye Nyumba za Kupangisha kwa Siku Chache

Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro zipo nyumba nyingi zinazokaliwa majuma mawili tu kwa mwaka. Mwenye nyumba anafanya kazi Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo. Ameijenga kwenye kihamba cha wazazi, katikati ya migomba na mibuni, ili Desemba ikifika apate pa kufikia yeye na familia yake. Januari huifunga, huacha funguo kwa shangazi au kwa kijana anayetunza ng'ombe, na nyumba hubaki kimya hadi Krismasi nyingine.

Miaka ya karibuni ukimya huo umeanza kuvunjika. Wapo wapanda mlima wanaopendelea kulala siku mbili kijijini kabla ya safari. Wapo wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, wanaojaza kila kitanda cha Moshi na viunga vyake Februari inapoelekea ukingoni. Wapo wageni wa harusi, wa misiba na wa mahafali. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na uwanja mpya unajengwa Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Moshi. Mwenye nyumba huona fursa. Hupiga picha sebule, bustani na kilele cha mlima kinachoonekana asubuhi, kisha huandika chini ya picha: vyumba vitatu, maji na umeme vipo, inachukua wageni 14.

Somo hili linahusu namba hiyo ya mwisho. Imetoka wapi?

Mara nyingi imetokana na hesabu ya magodoro. Kitanda cha sita kwa sita kinahesabiwa watu wawili, cha pili wawili, cha tatu wawili, kisha godoro la sakafuni katika kila chumba, makochi ya sebuleni, na vijana wanaoweza kulala mzungu wa nne. Ukimwuliza mwenye nyumba kama 14 si wengi mno, atajibu kwa kujiamini: "Krismasi iliyopita tulilala humu 18, na hakuna aliyelalamika."

Jibu hilo si la kubeza. Nyumba za wengi wetu zimebeba watu wengi kuliko zilivyopimwa, na ukarimu huo ndio uliolea watoto wa ndugu na kupokea wafiwa. Lakini wale 18 wa Krismasi walikuwa wenyeji. Walijua ufunguo wa mlango wa jikoni hutundikwa nyuma ya kabati, na kwamba dirisha la chumba cha watoto halifunguki. Walijua choo cha ndani kinahitaji kupumzishwa, hivyo wanaume walitumia cha nje. Usiku umeme ulipokatika, bibi alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibiriti. Mgeni aliyefika saa mbili usiku akiwa amechoka na safari hajui hata kimoja kati ya hayo. Nyumba ileile, kwa idadi ileile ya watu, ni salama kwa mwenyeji na ni mtego kwa mgeni anayelipa.

Zaidi ya hayo, mgeni wa familia amepokewa kwa hisani. Akibanwa kidogo, anavumilia. Mgeni aliyelipa amenunua huduma. Aliyeiuza anawajibika kwa usalama wa kila anayelala chini ya paa lake.

Hesabu ya sakafu

Njia rahisi ya kuanza ni kupima vyumba. Tanzania mafundi wengi bado huvitaja vyumba kwa futi, na hilo linarahisisha kazi, kwa sababu kanuni mojawapo inayotumika sana Marekani nayo huhesabu kwa futi: chumba cha kulala mtu mmoja kiwe na angalau futi za mraba 70, wakilala wawili au zaidi, kila mmoja apate angalau futi za mraba 50. Uingereza, kwa nyumba zinazopangishwa kwa watu wasio wa familia moja na zinazohitaji leseni, tangu Oktoba 2018 chumba cha mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kupungua mita za mraba 6.51, na cha wawili mita za mraba 10.22. Chumba kilicho chini ya mita za mraba 4.64 hakiruhusiwi kulaliwa kabisa.

Kanuni hizo ni za kwao, wala hazimfungi mwenye nyumba wa Marangu au Kibosho. Hata hivyo mwili wa binadamu ni uleule, na hesabu yake inafaa kuazimwa. Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu: kikubwa futi 12 kwa 14, cha pili 10 kwa 12, cha tatu 10 kwa 10. Chumba kikubwa kina futi za mraba 168; ukigawa kwa 50 unapata watu watatu na kinachobaki hakitoshi mtu. Cha pili kina 120, yaani watu wawili. Cha tatu kina 100 kamili, nacho ni watu wawili. Jumla ni watu saba. Nyumba iliyotangazwa kwa wageni 14 imepungua nusu hata kabla choo hakijatajwa.

Ipo njia nyingine fupi zaidi, inayotumiwa na miji mingi ya Marekani kwa nyumba za kukodisha kwa siku chache: watu wawili kwa kila chumba cha kulala, kisha wawili zaidi kwa nyumba nzima. Kwa mfano wetu hiyo ni watu wanane. Njia hii ni nyepesi kukumbuka lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: haiulizi ukubwa wa chumba. Stoo iliyopakwa rangi na kuwekewa kitanda inahesabiwa sawa na chumba cha mzazi. Bora kutumia kipimo cha futi.

Sebule isihesabiwe. Watu huiongeza kwa sababu ni kubwa na ina makochi, lakini ndiyo njia ambayo wote waliolala vyumbani wataipitia usiku wakitafuta mlango. Ikijaa magodoro, waliolala hapo wanakuwa kizuizi kwa wenzao.

Mlango wa pili

Hapa panahitaji subira kidogo, kwa kuwa ndipo maisha ya watu yanapoamuliwa.

Nyumba nyingi za sasa zina nondo kwenye kila dirisha na mlango wa chuma mbele. Zimewekwa hivyo kwa ajili ya wezi, na hasa kwa kuwa nyumba hukaa bila mtu miezi kumi na moja. Mlango wa jikoni hufungwa kwa kufuli la nje. Mlango wa mbele usiku hufungwa kwa ufunguo, na ufunguo huchomolewa. Mtu akitazama kwa macho ya mwizi, nyumba iko imara. Atazame sasa kwa macho ya mgeni aliyeamka saa nane usiku moshi umejaa ukumbini: dirisha lina nondo, mlango wa jikoni una kufuli kwa nje, na ufunguo wa mbele uko kwa mgeni mwenzake ambaye hajulikani amelala chumba kipi.

Watu watatu katika hali hiyo wanaweza kuitana kwa majina, kushikana mikono na kutambaa chini ya moshi hadi mlangoni. Watu 14 hawawezi. Baadhi hawafahamiani, wengine ni watoto, mmoja atarudi chumbani kutafuta simu. Kila mtu anayeongezwa huongeza muda wa kutoka, na moto hausubiri. Kwa kijiji kilicho mbali na mjini, gari la zimamoto lina kilomita nyingi za kupanda, tena nyingine za vumbi. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114 na iandikwe ukutani, lakini dakika za kwanza ni za waliomo ndani peke yao.

Kwa hiyo kabla mwenye nyumba hajaandika idadi yoyote, afanye jaribio hili. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, amwombe mtu asiyeifahamu nyumba hiyo atoke nje kutoka kitandani katika chumba cha mwisho, bila kuulizia ufunguo. Akishindwa, kwa usiku huo nyumba haifai kulaza mgeni hata mmoja. Marekebisho hayana gharama kubwa: komeo la ndani linalofunguka bila ufunguo kwenye milango yote miwili, na katika kila chumba dirisha moja lenye nondo za bawaba zinazosukumwa kutoka ndani. Fundi wa kuchomelea wa kijijini huifanya kazi hiyo. Kufuli la nje la mlango wa jikoni liondolewe siku mgeni anapoingia, lirudi anapoondoka.

Umeme nao utazamwe. Wageni wengi maana yake ni simu nyingi, jagi la kuchemshia maji, pasi na pengine hita, vyote vikining'inia kwenye waya mmoja wa nyongeza uliopita chini ya zulia. Ni vema kila chumba kiwe na soketi zake, na waya za nyongeza zisitolewe kabisa.

Baridi na jiko la mkaa

Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa mlimani huwa wa baridi kali, na mgeni aliyetoka Pwani hakuja na koti la kutosha. Yafuatayo si ya kubuni katika nchi yetu. Kila mwaka wa baridi habari za namna hii husikika mahali fulani. Jiko la mkaa lililopikiwa jioni linaingizwa chumbani likiwa na makaa mekundu yasiyotoa moshi. Dirisha linafungwa. Asubuhi mlango unabishwa bila jibu.

Makaa yanayowaka mahali penye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili huanza kukosa hewa huku pua ikiendelea kupumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, mambo ambayo mgeni wa mlimani hudhani ni ya safari au ya kimo. Aliyelala haamki.

Hili linaingiaje katika hesabu ya idadi? Kwa sababu mablanketi huhesabiwa kwa vitanda. Nyumba iliyopangwa kwa watu sita na kupokea 14 ina mablanketi ya watu sita. Wanane waliobaki watatafuta joto wanapoweza, na jikoni kuna jiko. Mwenye nyumba atoe blanketi mbili kwa kila mtu katika idadi aliyoitangaza. Asipoweza, apunguze idadi. Jiko la mkaa likae nje ya nyumba, na mgeni aambiwe sababu kwa maneno wazi. Katazo lisilo na sababu huvunjwa saa sita usiku.

Watu wengi katika chumba kimoja kilichofungwa pia hupumua hewa ileile usiku kucha. Kifua kikuu na mafua huenea hivyo, wala havihitaji maelezo marefu.

Maji na karo la choo

Wenye nyumba wengi hulisahau hili kwa sababu haliui usiku mmoja. Linadhuru polepole, tena linamdhuru jirani.

Anza na maji safi. Tuseme mgeni anayeoga kwa bomba la mvua, kunawa na kuvuta maji ya choo anatumia lita 80 kwa siku. Tangi la lita 1,000 linawatosha wageni saba kwa siku karibu mbili. Kwa wageni 14 linahitajika lita 1,120, yaani tangi limekauka kabla ya siku ya kwanza kuisha. Bomba la kijiji likiwa la mgawo, kesho yake choo cha ndani hakina maji, na wageni 14 bado wapo.

Sasa maji yaliyotumika. Kanuni moja ya kihandisi iliyochapishwa Uingereza mwaka 1983 hupima ukubwa wa karo la choo kwa lita 180 kwa kila mtu, kisha huongeza lita 2,000. Kwa nyumba ya watu sita hiyo ni lita 3,080. Kwa watu 14 ni lita 4,520. Karo hufanya kazi kwa kuyatuliza maji: uchafu mzito uzame chini, mafuta na povu yaelee juu, na maji ya katikati yapite taratibu kwenda shimo la pili yakafyonzwe na udongo. Wageni wakizidi, maji hayapati muda wa kutulia. Uchafu hupita nao, huziba vinyweleo vya udongo, na shimo la pili huanza kufurika. Tatizo hilo halionekani usiku wa kwanza. Huonekana mwezi wa tatu, wakati mwenye nyumba yuko Dar es Salaam na shangazi anapiga simu kwamba bustani inanuka.

Na kwenye mteremko hakuna kinachobaki pale kilipomwagika. Chini ya nyumba hiyo kuna mgomba wa jirani, chini ya mgomba kuna mfongo, na mfongo huo unanywesha bustani na mifugo, na watoto huchezea maji yake. Kipindupindu na homa ya matumbo husafiri kwa njia hiyohiyo. Wageni wanaolala siku mbili watakuwa wamekwisha kuondoka. Atakayeugua ni mtu ambaye hakupata hata shilingi ya pango lile.

Mwenye nyumba ambaye hajui ukubwa wa karo lake amwulize fundi aliyelichimba, au apime urefu, upana na kina cha maji kwa mita, azidishe vyote vitatu, kisha azidishe kwa 1,000 kupata lita.

Namba ndogo ndiyo namba

Baada ya hesabu hizo mwenye nyumba wa mfano wetu ana majibu kadhaa. Sakafu inasema saba. Karo linasema sita. Maji, akiongeza tangi, yanasema saba au zaidi. Mablanketi yanasema sita. Kosa la kawaida ni kutafuta wastani, au kuchukua jibu linalopendeza. Idadi ya nyumba ni ile iliyo ndogo kuliko zote, yaani sita. Akitaka saba, anajua sasa ni nini cha kurekebisha: karo na mablanketi. Fedha za kununulia godoro la nane zielekezwe huko kwanza.

Swali la fedha haliepukiki. Mwenye nyumba anayetoza shilingi 20,000 kwa kichwa huona 14 kuwa ni 280,000 kwa usiku na sita kuwa ni 120,000. Tofauti hiyo inauma. Lakini bei ya kichwa ni ya gesti yenye mhudumu, daftari na mlinzi usiku kucha. Nyumba nzima ina faragha, jiko, bustani na mlima dirishani, nayo huuzwa kwa bei ya nyumba. Familia ya watu sita inaweza kuona 180,000 kuwa ni haki kwa nyumba safi yenye maji ya moto. Na bei ikiwa ya nyumba, kishawishi cha kuongeza vichwa kinaondoka kwa mwenye nyumba, ingawa kwa mgeni kinabaki, maana kila anayeongezeka humpunguzia mchango. Ndiyo sababu idadi iandikwe ndani ya makubaliano kabla ya malipo.

Watoto huleta ubishi. Mtoto mchanga anayelala na mama yake si lazima ahesabiwe katika vitanda. Katika kutoka nje wakati wa moto anahesabiwa, tena anahitaji mikono ya mtu mzima. Aandikwe daftarini kama wengine.

Wageni wa mchana

Idadi ya wanaolala ni jambo moja, na idadi ya wanaoingia ni jingine. Tarehe 31 Oktoba 2019, katika mji wa Orinda, jimbo la California, nyumba iliyokodishwa kwa maelezo kwamba ni ya wanafamilia kumi na wawili wanaokimbia moshi wa moto wa nyika ilifanyiwa sherehe ya watu zaidi ya mia moja. Risasi zilifyatuliwa na watu watano wakauawa. Mwezi uliofuata kampuni ya Airbnb, ambayo nyumba ilikodishwa kupitia kwake, ilitangaza kupiga marufuku nyumba za sherehe. Agosti 2020 ikapiga marufuku sherehe duniani kote na kuweka ukomo wa watu 16 kwa nyumba. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2022 kwa nyumba kubwa, lakini katazo la sherehe likafanywa la kudumu.

Jiji la New York limekwenda mbali zaidi. Tangu Septemba 2023, anayepangisha makazi yake kwa chini ya siku 30 lazima awe amesajiliwa, awepo mwenyewe wageni wakiwepo, na asipokee wageni wanaolipa zaidi ya wawili. Amsterdam ukomo ni wageni wanne. Majiji hayo yana uhaba wa nyumba za wakazi, shida ambayo si ya vijiji vya mlimani, na kuzinakili sheria zake kungekuwa kujitwika mzigo wa mwingine. Linalofaa kujifunza ni kwamba yote yameanza na idadi.

Kwetu sherehe si jambo la kukataza moja kwa moja. Nyumba hukodishwa kwa ajili ya kumvalisha bibi harusi, na ndugu 40 hupita mchana kumwona. Mwenye nyumba aamue mapema: wageni wa mchana wasizidi wangapi, waondoke saa ngapi, magari yaegeshwe wapi, muziki uzimwe saa ngapi. Barabara ya kihamba iliyozibwa na magari haipitishi gari la wagonjwa. Na kwa siku yenye watu wengi zaidi ya choo, choo cha nje kifunguliwe na kutengenezwa.

Ofisi zinazohusika

Kupangisha kwa siku chache ni biashara, hata kama nyumba ni ya familia. Mwenye nyumba aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji, kisha Afisa Biashara wa halmashauri, atakayemweleza leseni inayomhusu na ada zinazotakiwa. Nyumba inayopokea watalii ina pia masharti ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa Afisa Afya mamlaka ya kukagua majengo na kuagiza kero ya kiafya iondolewe. Halmashauri za wilaya nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa hiyo masharti ya wilaya moja yanaweza kutofautiana na ya jirani; mwenye nyumba mbili katika wilaya mbili aulize kote.

Afisa Afya wa Kata asisubiriwe hadi pawe na malalamiko. Kumwita kabla ya mgeni wa kwanza ni kupata ushauri. Kumwona baada ya karo kufurika ni kukaguliwa. Vilevile Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hutoa ukaguzi na ushauri wa kinga dhidi ya moto.

Daftari la wageni liwepo, lenye jina la kila anayelala, si la aliyelipa tu. Nchini Kenya, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za aina hii Januari 2024, Serikali iliagiza wamiliki wote wajisajili. Kwa mwenye nyumba wa kijijini daftari lina matumizi ya karibu zaidi: likitokea la kutokea usiku, ndilo litakalowaambia waokoaji kama wote wametoka.

Anayeshika funguo

Limebaki jambo moja ambalo matangazo hayalisemi. Mwenye nyumba yupo mbali. Idadi ameiandika sita, mgeni amekubali kwa ujumbe wa simu, fedha zimelipwa. Ijumaa saa tatu usiku, mvua ikinyesha, Hiace inasimama getini na kushusha watu kumi na mmoja.

"Shikamoo mama. Tumefika."

"Marahaba wanangu, karibuni. Mbona mmekuwa wengi?"

"Ni ndugu tu mama, tutajibana."

Shangazi mwenye funguo amelelewa kutomfungia mgeni mlango penye mvua. Akiwafungulia, idadi yote iliyopimwa kwa futi na lita imefutika. Akiwakatalia bila msaada, amebaki peke yake gizani na watu kumi na mmoja wenye hasira. Si haki kumwachia uamuzi huo bila maandalizi.

Apewe kwa maandishi idadi ya nyumba na saini ya mwenye nyumba, ili aonyeshe karatasi badala ya kubishana. Apewe namba za gesti mbili zilizo karibu zenye leseni, zilizokwisha kuulizwa kama hupokea wageni usiku, ili watano wa ziada wawe na pa kwenda kwa Hiace ileile kabla haijageuza. Apewe namba ya Mwenyekiti wa Kitongoji na ya jirani mwanamume aliye tayari kuamshwa. Na mwenye nyumba aiache simu yake wazi usiku wa kila mgeni anapofika, azungumze mwenyewe na aliyelipa. Wageni wakiwa sita, shangazi awaonyeshe milango yote miwili na komeo zake kabla ya kuwaonyesha vitanda.